Kisa cha Monasteri ya Mtakatifu Yosefu, Ávila, 1562: ruhusa, nyumba na ugomvi wa mapato

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1562, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, kengele ndogo ililia katika nyumba ya kawaida nje ya ukuta wa mji wa Ávila, Hispania. Padre Gaspar Daza aliadhimisha Misa, akaweka Ekaristi katika tabernakulo, kisha wanawake wanne wakavikwa kanzu ya Kikarmeli. Siku hiyohiyo mtawa aliyekuwa nyuma ya mpango wote, Teresa de Ahumada, ambaye leo huitwa Mtakatifu Teresa wa Ávila, aliamriwa na mama mkuu wake arudi mara moja monasteri ya Encarnación. Kesho yake baraza la mji likakaa kujadili namna ya kuifunga nyumba hiyo. Kabla mwezi haujaisha kikaitishwa kikao kikubwa cha madiwani, makanoni (mapadre wa baraza la kanisa kuu) na wawakilishi wa mashirika ya kitawa, na shauri likaishia kwenye Baraza la Mfalme.

Wanawake wanne wasio na mali ndani ya nyumba ndogo, na mji mzima unakwenda mahakamani. Wengi wanaosimulia habari hii hukimbilia maono ya Teresa. Maono yapo, naye mwenyewe ameyaandika, lakini hayakutia sahihi hati yoyote. Nyumba hii ilisimama kwa sababu hati zilipatikana kwa mpangilio fulani, na ilikaribia kuanguka kwa sababu ya jambo moja ambalo hati ya kwanza haikuligusa, yaani nyumba itakula nini.

Encarnación na hesabu zake

Teresa, aliyezaliwa mwaka 1515, aliingia Encarnación mwaka 1535. Nyumba hiyo ilifuata Kanuni ya Karmeli, yaani sheria ya maisha ya shirika lake la kitawa, kama ilivyolegezwa na Papa Eugenius IV mwaka 1432. Idadi ya watawa ilipanda hadi kupita 180, na chakula hakikuwatosha. Hapo ndipo pa kuanzia.

Monasteri ya kike ya wakati ule iliishi kwa vyanzo vitatu: mahari ambayo kila mwanamke aliingia nayo, mapato ya kudumu yatokanayo na ardhi au fedha zilizowekezwa, na sadaka za wafadhili waliotaka kuombewa, wao na marehemu wao. Mahari ikipokelewa leo huziba deni la jana, lakini mwenye mahari atakula kwa miaka 40 ijayo. Kwa hiyo nyumba yenye deni hushawishika kupokea wengi zaidi, na kila anayepokelewa huongeza mzigo. Encarnación ilinaswa humo. Waliotoka koo kubwa waliitwa “doña”, wakawa na vyumba vyao binafsi, pengine na ndugu au mtumishi ndani, huku maskini wakilala bweni. Chakula kilipopungua, watawa walipewa ruhusa ya kwenda kukaa kwa jamaa zao. Klauzura, yaani sheria ya watawa kubaki ndani ya monasteri, haikuwa na nguvu, na haingeweza kuwa nayo, maana kufunga mlango kulimaanisha njaa.

Wafadhili nao walidai chao. Mwishoni mwa mwaka 1561 provinsiali, yaani mkuu wa Shirika la Karmeli katika jimbo lile, alimwamuru Teresa aende Toledo kumfariji Doña Luisa de la Cerda, mjane wa ukoo mkubwa, akakaa kwake karibu nusu mwaka. Provinsiali hakuweza kumkatalia bibi wa cheo kile. Ni hali hiyohiyo ambayo Teresa alitaka kuikimbia.

Jaribio la kwanza, na lilivyokufa

Wazo lilianza katika mazungumzo chumbani kwa Teresa mwaka 1560. Binti wa ukoo wake, María de Ocampo, alitaja nyumba ndogo za Wafransisko wa kike wa matengenezo, akaahidi kutoa dukati 1,000 za urithi wake. Doña Guiomar de Ulloa, mjane rafiki wa Teresa, akaahidi kusaidia. Mpango ulikuwa wa watawa 13 tu, wenye mapato ya kudumu, chini ya Shirika la Karmeli.

Provinsiali alikubali. Habari ilipovuja, mji ukacheka na kukasirika kwa pamoja. Ndani ya Encarnación baadhi walisema Teresa atupwe katika chumba cha adhabu, kwa kuwa alikuwa anaitukana nyumba yao. Krismasi ile Guiomar alinyimwa ondoleo la dhambi katika kitubio mpaka aachane na mpango. Pedro Ibáñez, mwanateolojia Mdominiko, aliombwa ushauri, akataka siku nane za kufikiri, na mwishowe akawaunga mkono, ingawa alikuwa ameonywa ajitenge nao. Provinsiali yeye alirudi nyuma. Sababu zake zilikuwa kwamba mapato yaliyoahidiwa ni madogo, hayana uhakika, na upinzani ni mkubwa mno.

Sababu hizo si kisingizio. Mkuu wa shirika aliyekuwa na Encarnación yenye njaa mikononi mwake alikuwa na haki ya kuuliza nyumba nyingine italishwa na nani. Kosa la waanzilishi lilikuwa kutangaza kabla ya kuwa na hati wala nyumba. Hawakulirudia.

Njia ya pili: askofu badala ya shirika

Shauri lililala miezi mitano au sita. Lilipoamka, mkondo ulikuwa mwingine: ombi lilikwenda Roma bila kupitia kwa provinsiali, wala halikuandikwa kwa jina la Teresa. Waombaji walikuwa Guiomar de Ulloa na mama yake, Aldonza de Guzmán, wanawake walei wenye haki ya kuomba kuanzisha monasteri kwa mali yao. Hati ilitolewa tarehe 7 Februari 1562, katika upapa wa Pius IV. Iliwaruhusu kuanzisha monasteri ya Karmeli chini ya mamlaka ya askofu wa Ávila.

Faida ya njia hii ni wazi: provinsiali hawezi kufunga nyumba isiyo yake. Hasara yake ilijitokeza baadaye, na kila aliyewahi kushughulika na mambo ya mashirika ataiona upesi. Nyumba ilikuwa ya askofu, lakini Teresa aliendelea kuwa chini ya provinsiali kwa nadhiri yake ya utii. Angeweza kuanzisha nyumba asiyoruhusiwa kulala ndani yake. Ndivyo ilivyotokea.

Nyumba yenyewe ilinunuliwa kwa siri. Dada yake Teresa, Juana de Ahumada, na mumewe Juan de Ovalle, walitoka Alba de Tormes mwaka 1561, wakanunua kwa jina lao na kuhamia humo kama familia ya kawaida. Mafundi walibomoa na kujenga bila jirani kushuku, kwa kuwa mwenye nyumba anayekarabati si habari. Ukuta mmoja uliokwisha kujengwa ulianguka usiku, na fedha zikakauka mara kadhaa. Kilichookoa ujenzi ni fedha alizotuma kaka yao Lorenzo de Cepeda kutoka Quito, ng’ambo ya bahari. Teresa alilalamika kwamba nyumba ni finyu mno, na ilikuwa finyu kweli, lakini nyumba kubwa ingehitaji fedha nyingi na maswali mengi.

Uamuzi wa kukataa mapato

Huko Toledo mpango ulibadilika. María de Jesús, mwanamke wa Granada aliyekwenda Roma kwa miguu kutafuta ruhusa ya kuanzisha nyumba kama hiyo, alifika kumwona Teresa. Akamweleza kwamba Kanuni ya Karmeli kabla ya kulegezwa ilikataza kumiliki mali. Teresa alikuwa ameisoma Katiba ya shirika lake mara nyingi, asilijue hilo.

Mpaka hapo hoja yake ilikuwa ya kawaida: mapato ya kudumu huondoa wasiwasi, na asiye na wasiwasi husali vizuri. Aliona nyumba maskini zisizo na utulivu, akadhani umaskini ndio unaovuruga. Sasa aligeuza hesabu. Akaandika kwamba utovu wa utulivu ndio uliozifanya ziwe maskini, wala si umaskini uliozifanya zikose utulivu. Mapato yanaleta wasimamizi, kesi za kodi, wageni wa heshima na wafadhili wenye masharti, na ni hayo hasa yaliyoivunja Encarnación.

Karibu wote aliowauliza walimpinga. Ibáñez, yuleyule aliyekuwa upande wake, alimwandikia karatasi mbili kubwa zilizojaa hoja na teolojia dhidi ya umaskini wa namna hiyo. Teresa akamjibu kwamba hahitaji elimu ya kumsaidia kukwepa wito wake. Pedro de Alcántara, Mfransisko wa maisha makali, alimwandikia tarehe 14 Aprili 1562 kwa mkazo tofauti: mambo ya kesi huulizwa wanasheria na mambo ya dhamiri wanateolojia, lakini ukamilifu wa maisha huulizwa wale wanaouishi.

Jibu hilo ni zuri kiroho. Kiutawala liliacha pengo. Hati ya 7 Februari ilikuwa imeombwa kabla ya badiliko hili, na haikuwa ruhusa ya kuishi bila mapato. Ruhusa hiyo ilitolewa Roma tarehe 5 Desemba 1562. Kati ya 24 Agosti na siku ile, umaskini wa nyumba ulisimama juu ya ridhaa ya askofu peke yake.

Na askofu mwenyewe, Álvaro de Mendoza, mwanzoni alikataa. Alikuwa tayari kupokea nyumba, lakini hakutaka mzigo wa watawa wasio na chanzo cha chakula. Pedro de Alcántara, mzee na mgonjwa, alipanda mnyama akamfuata hadi El Tiemblo, akamshawishi akutane na Teresa. Askofu alikwenda Encarnación, wakazungumza, akatoka amegeuka. Tangu hapo alikuwa mlinzi wa nyumba hii kwa miaka 15. Pedro alifariki tarehe 18 Oktoba mwaka uleule. Safari ile ingecheleweshwa miezi michache tu, shauri lingekosa mtu aliyelifungua.

Siku yenyewe

Hati ya Roma iliwasili Ávila usiku uleule Teresa aliporudi kutoka Toledo. Juan de Ovalle akaugua katika nyumba ile, na Teresa akapata ruhusa ya kutoka Encarnación ili amuuguze. Kwa wiki kadhaa alisimamia kazi za mwisho bila kuzua maneno, na Ovalle akapona kazi ilipokwisha.

Mpangilio wa 24 Agosti haukuwa wa sherehe tu. Mwakilishi wa askofu alitoa idhini, Misa ikasomwa, Ekaristi ikawekwa, wanovisi, yaani watawa wapya walio katika majaribio, wakavikwa. Baada ya Ekaristi kuwekwa, mahali pale si nyumba ya Ovalle tena bali kanisa, na kulivunja ni kazi ya mamlaka ya Kanisa. Baada ya wanovisi kuvikwa, kuna jumuiya yenye mkuu wake, ambaye ni askofu. Mji ulipoamka, ulikuta jambo limekwisha kufanyika. Wanovisi wenyewe, Antonia de Henao, María de la Paz, Úrsula de Revilla na María de Ávila, walipokelewa bila mahari, ili nyumba isianze kwa kununuliwa na ukoo wa yeyote.

Teresa alipoitwa, alikwenda. Alijieleza mbele ya provinsiali, Ángel de Salazar, na watawa wote, akaomba msamaha kwa maneno ya jumla na kueleza kwa undani alipokuwa na provinsiali faraghani. Salazar aliridhika, akaahidi kumruhusu kurudi mji ukitulia. Angekaidi na kubaki, mtawa mtoro angewapa wapinzani hoja ambayo askofu asingeweza kuijibu.

Mji ulikuwa na hoja

Ni rahisi kuwachora madiwani wa Ávila kama watu wabaya. Mji ulikuwa na monasteri nyingi na sadaka zilezile. Nyumba isiyo na mapato ni mdomo wa kudumu mezani pa mji, na itakapokumbwa na njaa hakuna diwani atakayeweza kuiacha ife. Zaidi ya hapo palikuwa na suala la maji: jengo na mabanda ya sala bustanini yalilalamikiwa kwamba yanatia kivuli mifereji ya chemchemi za umma, na katika baridi ya Ávila maji yasiyopata jua huganda. Hoja hiyo iliendelea hata baada ya nyingine kufa, na mji uliirudia miaka iliyofuata.

Katika miaka hiyohiyo Kanisa lote lilikuwa linashughulikia swali la madiwani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, katika kikao chake cha 25, Desemba 1563, uliagiza nyumba za watawa ziwe na idadi ile tu inayoweza kulishwa na mapato yake au na sadaka za kawaida, na kwamba nyumba mpya isianzishwe bila ruhusa ya askofu. Nyumba ya Mtakatifu Yosefu ingepita mtihani huo, lakini kwa sababu ya kikomo cha watawa 13. Kwa watu 40 bila mapato, hoja ya madiwani ingekuwa na nguvu zaidi ya hoja ya Teresa.

Walichokosea ni mamlaka. Corregidor, mwakilishi wa mfalme mjini, alikwenda mlangoni akawaamuru wanovisi watoke, akatishia kuvunja mlango. Wakamjibu kwamba watatoka kwa amri ya aliyewaweka. Ndani mlikuwa na Ekaristi, akaondoka. Katika kikao kikubwa karibu wote walitaka nyumba ifungwe. Aliyesimama kinyume ni Domingo Báñez, Mdominiko wa miaka 34. Hakutetea umaskini, kwa kuwa naye aliupinga. Alisema jambo kama hili halivunjwi kwa haraka, na kwamba ni la askofu. Miaka baadaye aliandika pembeni mwa hati ya mkono ya Teresa kwamba alikuwepo na ndiye aliyetoa rai hiyo, wakati ambao hakuwa amemjua bado. Hotuba hii ndiyo msaada mkubwa kuliko wote siku zile, kwa sababu ilitoka kwa mtu asiyekubaliana na mpango.

Kesi, na mapatano yaliyokataliwa

Mji ulipeleka shauri mbele ya Baraza la Mfalme. Upande wa Teresa haukuwa na fedha za wakili. Padre Gonzalo de Aranda alikwenda makao ya mfalme kuwatetea, huku Gaspar Daza, Julián de Ávila na mlei Francisco de Salcedo wakihangaika mjini. Shauri lilichukua karibu nusu mwaka.

Katikati yake ulikuja mtego ulioonekana kama neema: mji ungekubali monasteri, ila iwe na mapato. Marafiki wa Teresa walichoka, wakaona heri. Teresa mwenyewe alikaribia kukubali, kwa wazo kwamba wangepokea mapato sasa, mambo yatulie, kisha wayaache. Usiku kabla ya kujibu, anaandika, alionywa kwamba wakianza na mapato hawataruhusiwa kuyaacha kamwe, na Pedro de Alcántara, aliyekwisha kufa, akamtokea na kumkataza. Msomaji aamue atakavyo kuhusu usiku ule. Onyo lenyewe ni sahihi kisheria: mapato yakishawekwa wakfu kwa ajili ya nyumba, kuyaachia kunahitaji ridhaa ya mfadhili, ya askofu na ya Roma, na mji ungekuwa na mapatano yaliyotiwa sahihi ya kuwarudisha mahakamani.

Hati ya 5 Desemba iliziba pengo. Kesi haikuhukumiwa kwa kishindo, ilififia. Salazar akamruhusu Teresa kuhamia nyumba mpya pamoja na watawa wachache wa Encarnación, na ruhusa rasmi ya maandishi ikatolewa tarehe 22 Agosti 1563. Hati ya Papa ya tarehe 17 Julai 1565 ikathibitisha umaskini wa nyumba. Waliopinga wakaanza kuleta sadaka.

Walivyoishi

Katiba aliyoandika Teresa inaonyesha alijua hatari ilikuwa wapi. Waishi kwa sadaka bila mapato, wala wasipite kuomba maadamu wanaweza kuvumilia. Wafanye kazi za mikono, hasa kusokota uzi, wala si ufumaji wa dhahabu na fedha unaoteka akili. Bei isibishaniwe: wapokee wanachopewa, na wakiona hakiwafai, waache kazi hiyo. Hapana chumba cha pamoja cha kazi, wala mtawa asipangiwe kiasi cha kumaliza. Nyama hailiwi ila kwa haja, mfungo unaanza tarehe 14 Septemba hadi Pasaka, na sala ya kimya huchukua muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Mama mkuu ndiye wa kwanza katika zamu ya kufagia. Majina ya “doña” yakafutwa.

Lakini Teresa hakuufanya umaskini kuwa sanamu. Mwaka 1567 mkuu wa shirika lote, Giovanni Battista Rossi, alifika Ávila, akaipenda nyumba isiyokuwa chini yake, akampa ruhusa ya kuanzisha nyingine. Mwaka 1568 Luisa de la Cerda alitaka monasteri Malagón, kijiji kidogo ambako sadaka zisingetosha. Teresa alisita. Báñez akamwambia anakosea: ikiwa Mtaguso umeruhusu mapato, asizuie nyumba kwa ajili ya rai yake mwenyewe. Akakubali, na Malagón ikawa na mapato.

Suala la askofu nalo liligeuka. Mwaka 1577 Álvaro de Mendoza alihamishiwa Palencia. Teresa akaona kwamba ulinzi ule ulikuwa wa mtu, si wa ofisi: askofu ajaye angeweza kuwa na mawazo mengine, na nyumba mama ingebaki peke yake nje ya shirika wakati nyingine zote zikiwa ndani. Alitoka Toledo kwenda Ávila kulishughulikia. Mendoza hakupenda mwanzoni, na baadhi ya masista walisita, kisha wote wakaridhia. Monasteri ya Mtakatifu Yosefu ikaingia chini ya Shirika la Karmeli, kama ilivyoombwa mwaka 1560 na kukataliwa.